Jina Lisilotajwa: Nasaba, Kitambulisho na Kujitambua katika Fasihi ya Wajir

Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayokusudiwa kuwafundisha vijana namna ya kujiendeleza, kujitambua huelezwa kuwa ni kazi ya mtu mmoja mbele ya kioo. Kijana huambiwa ajitazame, ahesabu vipawa vyake na upungufu wake, kisha ajipangie njia ya maisha. Mafundisho hayo hayakosi manufaa. Hata hivyo yamejengwa juu ya dhana ambayo haijahakikiwa vya kutosha, nayo ni kwamba nafsi huwapo kwanza, tena peke yake, ndipo baadaye ikakutana na watu. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa kuitazama fasihi ya mahali ambapo swali la "wewe ni nani?" limekuwa swali la maji, la malisho, la ndoa, na mara nyingine la uhai na mauti.

Griftu ni mji mdogo ulioko magharibi ya mji wa Wajir, katika sehemu ya kaskazini mashariki ya Kenya. Wakazi wake walio wengi ni Wasomali, na uchumi wa eneo hilo umesimama juu ya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtoto anayekulia hapo hukutana mapema na lugha nne: Kisomali cha nyumbani, Kiarabu cha chuo cha Kurani, na Kiswahili na Kiingereza vya shuleni. Pamoja na lugha hizo hukutana na maswali matatu. Nyumbani na visimani huulizwa ni mtoto wa nani. Chuoni hufundishwa kuichunguza nafsi yake mbele ya Mola wake. Ofisini na kwenye vizuizi vya barabarani huulizwa, kwa Kiswahili, kitambulisho chake kiko wapi. Nasaba, nafsi na kitambulisho ndizo nguzo tatu za uhakiki huu. Hoja itakayotetewa ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kumweleza mtu, na kwamba maendeleo ya nafsi huanzia pale mtu anapoligundua jina ambalo zote zimelisahau.

Abtirsi kama utanzu wa fasihi simulizi

Wasomali huita abtirsi ile kazi ya kuwahesabu wazee wa ukoo kutoka kwa baba hadi kwa babu, na kutoka kwa babu hadi kwa mwanzilishi wa ukoo. Mtoto hufundishwa hesabu hiyo angali mdogo, naye huikariri mbele ya wakubwa kama mtoto wa pwani anavyokariri sura fupi za Kurani. I. M. Lewis, aliyeandika juu ya siasa ya wafugaji wa Kisomali katika kitabu chake A Pastoral Democracy cha mwaka 1961, alionyesha kwamba nasaba kwao hufanya kazi ambayo kwa watu wa mijini hufanywa na anwani: humweka mtu mahali pake miongoni mwa watu wengine.

Huenda ikadaiwa kwamba orodha ya majina si fasihi, maana haina kisa, haina taswira, wala haina mgogoro. Dai hilo halina uzito. Msomaji wa Kiswahili anayezifahamu habari za wafalme wa Pate, au shajara za masharifu wa Lamu, anajua kwamba orodha ya majina inaweza kubeba historia ya dola nzima. Katika abtirsi kila jina ni mlango wa kisa. Wasomali ni hodari wa kutunga majina ya utani, yaitwayo naanays, na mengi kati ya majina hayo hutokana na maumbile ya mtu, tabia yake au tukio lililompata. Jina la utani likidumu huingia katika nasaba, na hapo mjukuu hukariri, bila kujua, mzaha ambao majirani walimfanyia babu yake wa saba. Msimulizi mzuri anapoombwa hulisimamisha jina hilo na kukitoa kisa chake. Mchana wa safari ukiwa mrefu, orodha hugeuka hadithi.

Kwa upande wa fani, abtirsi ina umbo lililo kavu kwa makusudi. Haina vitenzi. Haisemi nani alikuwa shujaa na nani alikuwa mwoga. Ukavu huo ndio unaoifanya ikumbukwe, na ndio unaoifanya iwe ya watu wote: maskini na tajiri wa ukoo mmoja wana majina yaleyale. Kwa upande wa dhamira, shabaha ya abtirsi ni kuupata mkutano. Watu wawili wasiofahamiana wakikutana kisimani, kila mmoja huhesabu kwenda nyuma mpaka wafikie jina walilo nalo pamoja. Jina hilo likipatikana karibu, wao ni ndugu, na wajibu wao wa kusaidiana, pamoja na kulipa dia pamoja, umekwisha kujulikana. Likipatikana mbali, wao ni watu wa mbali, lakini hata umbali huo una kipimo. Kujitambua hapa si kujitenga na wengine. Ni kujua umbali uliopo kati ya mtu na kila mtu mwingine.

Sifa hii ni fundisho kubwa kwa mafundisho ya kujiendeleza yaliyotajwa hapo juu. Kijana wa Griftu hahitaji kuambiwa kwamba yeye si kisiwa. Anajua kwamba alipewa jina kabla hajalitamka, na kwamba jina hilo limefungwa kwenye majina mengine kama ngamia wa msafara wanavyofungwa mmoja nyuma ya mwingine. Waswahili nao husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini methali hiyo ina upande wa pili usiosemwa sana, nao ni kwamba mtu anaweza kuwa mtumwa wa asili hiyohiyo.

Nasaba inayotengenezwa

Kosa la kwanza la wanaoitukuza nasaba ni kudhani kwamba hiyo ni damu tupu, isiyobadilika. Ushahidi wa fasihi yenyewe unakataa. Wasomali hutofautisha laan dheer, yaani tawi refu, na laan gaab, yaani tawi fupi. Ukoo uliokua na kugawanyika mara nyingi hukumbuka majina mengi, kwa kuwa kila mgawanyiko unahitaji jina la babu wa kuugawa. Ukoo uliobaki mdogo hukumbuka majina machache, kwa kuwa hapakuwa na haja. Kwa hiyo urefu wa nasaba hautuelezi miaka tu. Unatueleza pia nguvu na wingi wa watu. Kumbukumbu hufuata haja, na haja hutokana na maisha.

Ushahidi wa pili ni desturi iitwayo sheegad. Kwa desturi hiyo watu wachache waliohamia katika nchi ya wengine walijitangaza kuwa wa ukoo wa wenyeji wao ili wapate maji, malisho na ulinzi. Muda ukipita na wageni wakiongezeka, waliweza kuirudia nasaba yao ya kwanza. Historia ya kaskazini ya Kenya ina mifano ya namna hiyo isiyo michache, na baadhi ya magomvi ya malisho ya karne ya 20 hayaeleweki bila kuifahamu.

Ushahidi wa tatu umetolewa na Günther Schlee katika kitabu chake Identities on the Move cha mwaka 1989. Mtaalamu huyo alionyesha kwamba koo zilezile hupatikana miongoni mwa Warendile, Wagabra, Wasakuye na Wasomali, ingawa watu hao hutofautiana kwa lugha, na wengine hutofautiana kwa dini. Mtu anaweza kuwa na ndugu wa ukoo asiyeielewa lugha yake. Basi mipaka ya makabila, ambayo wakoloni waliichora katika ramani zao na ambayo shule zimeifundisha kana kwamba imetoka mbinguni, haikuwa mipaka ya wazee.

Kutokana na hayo matatu yafaa ielezwe wazi: nasaba ni sanaa. Kuiita sanaa si kuiita uwongo. Ni kusema kwamba kila kizazi hupokea orodha, huikariri, na kwa kuikariri huamua, kwa kujua au kwa kutojua, lipi litajwe na lipi liachwe. Mkariri ni mtunzi pia, na mtunzi ana wajibu.

Kitambulisho na jicho la mwingine

Lugha ya Kiswahili ina hekima yake katika jambo hili. Kitenzi tambua kina maana ya kujua kitu kwa alama zake. Tukikinyambua tunapata tambulisha, yaani kumfanya mtu ajulikane kwa mwingine, na kutoka hapo tunapata kitambulisho, yaani chombo cha kumfanya mtu ajulikane. Tukikirudisha kitenzi kwa mtendaji mwenyewe tunapata jitambua. Maneno hayo ni ndugu, lakini yanaelekea pande mbili zinazopingana. Anayejitambua hujitazama. Mwenye kitambulisho hutazamwa. Kadi haimsemeshi mwenye kadi. Humsemesha askari, karani na mwenye duka.

Historia ya kadi hiyo katika Kenya ni historia ya kutazamwa. Kipande kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nacho kilikuwa chombo cha kuitawala nguvu kazi ya wanaume Waafrika, waliokivaa shingoni katika kijaluba cha chuma. Kaskazini kulikuwa na njia nyingine zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1902 na ile ya mwaka 1934, nchi hiyo ilifungwa na kuwekwa mbali na sehemu nyingine za koloni, hata kuingia na kutoka kukahitaji idhini. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuwauliza wenyeji ilipata kwamba walio wengi walitaka kuungana na Somalia; matakwa hayo hayakutekelezwa, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikafuata tangu mwaka 1963 hadi mwaka 1967. Sheria za hali ya hatari hazikuondolewa katika eneo hilo mpaka mwaka 1991. Katika kipindi hicho Msomali wa Kenya aliishi akiwa raia anayetakiwa kuuthibitisha uraia wake kila kukicha. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wachunguzwe upya, na waliopita uchunguzi huo walipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari.

Katika historia hiyo nasaba na kitambulisho zilikutana kwa namna ya kusikitisha. Wachunguzi walitaka mtu ataje ukoo wake, tarafa yake, na mzee wa kumshuhudia. Abtirsi, iliyokuwa lugha ya ndugu kukutana kisimani, ikawa jibu la mtuhumiwa mbele ya meza. Utanzu ni uleule, maneno ni yaleyale, lakini hadhira imebadilika, na hadhira ikibadilika maana hubadilika. Hili ni jambo ambalo mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kulizingatia: maneno hayana maana nje ya mazingira ya utendaji wake.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa mwezi wa Februari 1984. Katika operesheni iliyoanza tarehe 10 ya mwezi huo, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka sehemu mbalimbali za Wajir na kupelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu hapo: serikali ilitaja watu 57 mwanzoni, na walionusurika na jamaa zao wametaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Habari hizo zimeandikwa na Salah Abdi Sheikh katika kitabu chake Blood on the Runway cha mwaka 2007, na zimo pia katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013. Kwa uhakiki huu jambo la kuzingatiwa ni moja. Watu wale hawakuchaguliwa kwa tendo la mtu mmoja mmoja. Walichaguliwa kwa nasaba. Orodha ambayo mtoto aliikariri ili asipotee katika dunia ilitumiwa kumpata na kumwua.

Baada ya Wagalla, mwalimu anayemwambia kijana wa Griftu kwamba ajitambue, kisha akaishia kwenye ukoo, anamfundisha nusu ya jambo, nayo ni nusu ya hatari. Na anayemwambia aisahau nasaba, awe raia tu, anasahau kwamba uraia huo ulicheleweshwa kwa sababu ya nasaba hiyohiyo. Mwezi wa Februari 2025, huko Wajir, Rais wa Kenya alitangaza kukomeshwa kwa uchunguzi wa ziada uliokuwa ukiwakabili waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mipakani. Tangazo hilo lilipokewa kwa furaha kubwa, na furaha hiyo ina sababu: bila kadi, kijana hawezi kupiga kura, wala kuajiriwa kwa urahisi, wala kusafiri bila wasiwasi. Lakini kadi hufungua mlango tu. Haimwambii mtu aingie kufanya nini.

Jina lisilotajwa

Nuruddin Farah, mwandishi Msomali, aliitoa riwaya yake Maps mwaka 1986. Mhusika wake mkuu, Askar, ni yatima wa Ogaden aliyelelewa na Misra, mwanamke Mwaoromo. Askar hukua akiwa hajui mwili wake unaishia wapi na wa Misra unaanzia wapi. Baadaye hupelekwa Mogadishu kwa mjomba wake, Hilaal, na katika enzi ya vita vya mwaka 1977 hutakiwa kuwa Msomali kamili. Anapopewa hati yake ya utambulisho huona kwamba Misra, aliyemfundisha kusema na kutembea, hana nafasi katika karatasi hiyo. Hatimaye Misra hutuhumiwa usaliti na kuuawa, na Askar hubaki na ramani, na hati, na dhamiri isiyotulia.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama riwaya ya taifa na mipaka. Usomaji huo ni sahihi, ila haujafika mwisho. Ukiisoma pamoja na abtirsi utagundua kwamba hati ya serikali na nasaba ya wazee, ambazo hudhaniwa kuwa zinapingana, zina upungufu mmoja. Abtirsi huwahesabu mababa tu. Mama hatajwi. Bibi hatajwi. Orodha yenye majina 20 ina wanawake 20 waliozaa kila kiungo cha mnyororo, na hakuna hata mmoja anayesikika. Misra hayumo katika hati ya Askar kwa sababu ileile inayowafanya mama wasiwemo katika hesabu ya ukoo: wote wawili, karani na mzee, humwandika mtu kwa ajili ya wale watakaogombana naye au watakaomtoza, na hawamwandiki kwa ajili ya wale waliomlea.

Katika Wajir upungufu huo haukubaki kuwa suala la vitabu. Mwaka 1992 na mwaka 1993 mapigano ya koo yaliiharibu wilaya hiyo, katika wakati wa ukame na wa kuvunjika kwa dola ya Somalia jirani. Mgawanyiko uliingia hata sokoni, na wanawake wa ukoo mmoja wakakataa kuuza na kununua kwa wanawake wa ukoo mwingine. Mwaka 1993 kikundi kidogo cha wanawake, ambacho Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mmoja wao, kilianza kazi yake hapo hapo sokoni, kwa kusisitiza kwamba kila mwanamke awe huru kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, vijana, wafanyabiashara na maofisa. Mnamo Septemba mwaka huo wazee wa koo walitia saini mapatano yajulikanayo kama Azimio la Al Fatah, na mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mfano huo uliigwa baadaye katika wilaya nyingine za Kenya.

Kwa nini wanawake waliweza kuanza jambo ambalo wazee walishindwa kulianza? Jawabu moja limo katika nasaba yenyewe. Mwanamke wa Kisomali haachi jina la baba yake anapoolewa. Hubaki mtu wa ukoo wake wa kuzaliwa, naye huzaa watoto wa ukoo wa mumewe. Ndugu zake wako upande mmoja na wanawe wako upande wa pili. Vita vya koo vinapozuka, yeye peke yake ndiye mwenye wafu pande zote mbili. Kutotajwa kwake katika abtirsi, ambako kwa miaka mingi kulikuwa ni kunyimwa sauti, kulimwachia mahali ambapo mwanamume hakuwa napo: katikati.

Haifai kulipamba jambo hili kupita kiasi. Wanawake wa Kisomali wana ushairi wao, buraanbur, na ushairi huo umewahi kuchochea vita kama ulivyowahi kuvipoza. Kuwa katikati hakumfanyi mtu kuwa mpatanishi. Humpa nafasi tu ya kuchagua. Wapo waliochagua kuchochea. Wanawake wa soko la Wajir walichagua lingine, na uchaguzi huo ndio unaostahili kuitwa kujiendeleza.

Nafsi na matendo

Hapa ndipo swali la tatu, la chuoni, linapoingia. Neno nafsi limetufikia kutoka Kiarabu, na pamoja nalo yametufikia mafundisho ya Kurani juu ya nafsi yenye kuamrisha maovu, nafsi yenye kujilaumu na nafsi iliyotulia. Katika mpangilio huo nafsi ya pili ina umuhimu wa pekee kwa mada hii. Nafsi ya kwanza haijihoji, na ya tatu imekwisha kufika. Ile inayojilaumu ndiyo iliyo safarini. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, akatunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na kufariki dunia mwaka 2011, alieleza hadharani kwamba kazi ya amani ilimtaka aichunguze kwanza nafsi yake kwa mwanga wa Kurani. Kwake kujichunguza hakukuwa mwisho wa kazi, bali chombo cha kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa ya watu.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano miwili inayofaa kulinganishwa na huo. Wa kwanza ni wasifu wa Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Mwandishi huyo hakuijenga nafsi yake juu ya ukoo. Aliijenga juu ya kazi ya utumishi, juu ya msiba wa mke, na juu ya malezi. Tena ndani ya kitabu hichohicho aliweka tenzi mbili za mawaidha, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Jambo hilo lina maana kubwa. Mtu anayeyaandika maisha yake anafika mahali ambapo hawezi kuendelea bila kuwageukia watoto wake, na anapowageukia hamsahau binti. Nasaba yake inashuka badala ya kupanda, na jina la kike limo.

Wa pili ni Kazimoto, mhusika wa Euphrase Kezilahabi katika riwaya ya Kichwamaji ya mwaka 1974. Kazimoto ni msomi mwenye akili kali. Anajichunguza kuliko wahusika wengi wa Kiswahili waliomtangulia, na hakuna mwandishi wa mafundisho ya kujiendeleza anayeweza kumlaumu kwa kutojitazama. Hata hivyo mwisho wake ni kujiua. Elimu yake ya nafsi haikupata pa kufanyia kazi, kwa kuwa vifungo vyake na kijiji vilikwisha kulegea na hakuna vingine vilivyofungwa. Kazimoto alikuwa na kioo bila kuwa na soko. Wanawake wa Wajir walianza na soko, na humo wakakipata kioo.

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kujitambua kuna hatua, na hatua hizo hazirukwi. Kwanza mtu hupokea majina aliyopewa, bila kuyaonea haya. Kisha huyahoji: ni nani aliyeachwa, na aliachwa kwa faida ya nani? Mwishowe hutenda kutoka pale swali lilipomfikisha. Asiyepita hatua ya kwanza hana mizizi. Asiyepita ya pili ni mateka wa mizizi yake. Na asiyefika ya tatu hubaki na maarifa yanayomla mwenyewe.

Hitimisho

Tangu mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule za Kenya, na mwanafunzi wa Griftu huandika insha za Kiswahili kama mwenzake wa Mombasa. Insha ya wasifu ni miongoni mwa kazi anazoweza kupewa. Kwa desturi hujazwa mahali pa kuzaliwa, jina la baba, shule na matumaini ya baadaye, hata insha nzima ikafanana na fomu ya kuombea kitambulisho. Mwalimu anaweza kuitumia kazi hiyo vizuri zaidi. Anaweza kumtaka mwanafunzi aiandike abtirsi yake kama alivyoikariri, jina kwa jina, pamoja na visa vya majina ya utani. Kisha amtume nyumbani akaulize, kwa kila jina analoweza kulifikia, mke wa mzee huyo alikuwa nani na alitoka ukoo gani.

Vizazi vitatu au vinne vitatosha. Mwanafunzi atarudi na karatasi isiyolingana na ile ya kwanza. Orodha iliyokuwa mstari mmoja itakuwa na matawi ya pembeni, na baadhi ya matawi hayo yataingia katika koo ambazo alifundishwa kuziogopa. Atagundua kwamba ndugu wa bibi yake walikuwa upande mwingine wa mapigano ambayo babu yake hupenda kuyasimulia. Wazee wengine watamjibu mara moja. Wengine watanyamaza, na wengine watamwuliza habari hizo anazitakia nini. Na ayaandike yote, hata ule ukimya.

Mhakiki wa fasihi simulizi anazihitaji karatasi hizo kwa ajili ya elimu, maana majina ya wanawake hao hayajakusanywa, na wanaoyakumbuka wanazidi kupungua kila mwaka. Kijana aliyeziandika anazihitaji zaidi. Siku atakapoulizwa tena, kisimani au kizuizini, yeye ni nani, atajibu kwa majina ya mababa kama desturi inavyotaka. Lakini atajua, wakati anajibu, ni majina ya akina nani hakuyataja.